Ziwa Tulilolipimia Ndege

Siku niliyoagwa kazini, kijana mmoja wa idara yetu ya barabara na upimaji, mwenye macho ya uchokozi, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Shikamoo, Mzee Augustini. Katika kazi zote ulizofanya, ni ipi iliyopotea bure kabisa?" Watu wakacheka. Nikamwitikia marahaba, nikafikiri kidogo, nikamjibu kwamba ni ziwa. Wakadhani mzee amechoka, wakanipa kiti na soda.

Sasa nina kiti changu mwenyewe na muda wa kutosha, basi nitawaeleza. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilikuja vimechelewa kama lori la Omurushaka wakati wa mvua, na mshahara kila mtu anaujua ulivyo. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya kazi moja, pamoja na swali lake, ambalo mpaka leo likinijia asubuhi huacha chai yangu ipoe.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa Chonyonyo, kabla ya vita kuu ya pili, wakati barabara ya kwenda machimbo ya bati ya Kyerwa ilipokuwa bado inatafuta mahali pa kupita. Niliajiriwa kuvuta mnyororo wa kupimia. Mnyororo huo ulikuwa wa chuma, mzito, na ulipenda kushika kila kisiki. Aliyekuwa mbele yangu, akishika ncha ya pili, alikuwa Mzee Bishanga, mtu mfupi mwenye mwendo wa taratibu usiobadilika mlimani wala bondeni. Ndiye aliyenifundisha kazi. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa akisimama tu, ananitazama, nami najua nimekosea.

Siku yangu ya kwanza niliona njia ya mkato katikati ya kibanja cha mama mmoja, nikaingia na kigingi changu, nikakipigilia baina ya mibuni yake ya kahawa. Nilijiona hodari. Hatujafika mbali, yule mama akaja nyuma yetu na kigingi mkononi, akapiga goti kidogo mbele ya Bishanga, akasema kwa upole mkubwa, kwa neno letu la heshima, "Waitu, mwanao amesahau kitu chake kwangu."

Bishanga hakunikaripia. Alinirudisha nacho. Tulipitia mbele ya nyumba, tukabisha hodi, tukakaribishwa ndani kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Tukaletewa kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo. Tukazungumza juu ya ndizi, juu ya ng'ombe wa jirani, juu ya mtoto wake aliyekuwa akisoma misheni. Jua likasogea. Mimi nilikuwa nikiwaza barabara itafika lini Kyerwa kwa mwendo huu. Hatimaye Bishanga akataja kigingi kana kwamba amekikumbuka ghafla, na mama akasema, "Kiwekeni tu, kwani kitakula nini?" Kesho yake tulikikuta pale pale, na amekipalilia pembeni. Vigingi vingine vya njia ile, tulivyovipigilia kwa amri ya serikali, vilichomwa kuni.

Basi ndivyo nilivyojifunza. Katika nchi yetu huwezi kupima mahali kabla hujakuwa mgeni wa mahali hapo.

Miaka ilipita hivyo. Tulipima barabara, madaraja, mitaro. Vita vikaja vikaisha. Nilioa binti wa Kihanga, jina lake Paskazia, mwenye kicheko kinachoanza kabla ya neno la kuchekesha kusemwa. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, na asubuhi za ukungu mabonde yote yalijaa weupe, vilima vikabaki vimetokeza vilele tu. Paskazia alikuwa akisimama mlangoni akisema, "Leo tena tumeamka kisiwani." Nilipenda asubuhi hizo. Nazipenda bado.

Lakini tulizika watoto wawili. Wote wawili walikufa katika kuzaliwa, baada ya uchungu mrefu ambao sitauandika hapa. Walizikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mara ya pili Paskazia mwenyewe alikaribia kwenda nao. Mama Yulita, mkunga wa zahanati ya misheni, aliniita nje, akaniambia wazi, "Augustini, huyu mkeo nyonga zake hazifunguki. Akishika mimba nyingine, asizalie hapa. Apelekwe Bukoba kwa daktari wa kupasua. La sivyo utabaki peke yako."

Bukoba kwenyewe si mbali kwenye ramani. Wakati wa kiangazi lori lilikwenda Kihanga, likashuka Kyaka, likavuka mto Kagera kwa pantoni, likafika. Wakati wa masika bonde lilikuwa likiimeza barabara, na mgonjwa alibebwa kwa engozi, ile machela yetu ya kusuka, wanaume wanapokezana begani kilima hadi kilima. Wapo waliofika. Wengi walirudishwa nyumbani wamefunikwa uso.

Na Paskazia akashika mimba tena. Tulihesabu kwa vidole, vidole vikaangukia katikati ya masika.

Katika miezi hiyo hiyo ndipo idara ikaletewa habari ya ndege. Kampuni moja ilitaka kuendesha safari kati ya Kampala na Usumbura kwa ndege inayotua majini, ile ambayo badala ya magurudumu ina mitumbwi miwili ya bati miguuni. Ingetoka Kampala ikipita juu ya Ziwa kubwa, ingetua Bukoba, halafu ilihitaji maji mengine njiani kabla ya milima ya Ruanda-Urundi. Wazungu wa machimbo ya Kyerwa nao walitaka barua zao zije upesi. Mtu fulani ofisini aliweka kidole kwenye ramani, kidole kikaangukia Rwakajunju, ziwa letu dogo lililo bondeni upande wa machweo. Tukaagizwa tukalipime, tuone kama safari hiyo ina maana.

Mkubwa wetu katika kazi hiyo alikuwa mhandisi Mzungu, mrefu, mpole, mwenye kupenda kukaa kimya. Watu walimwita Bwana Maizi, kwa kuwa popote alipofika aliulizia maji kwanza, na maizi kwa lugha yetu ni maji. Alipotupa habari hiyo alituambia pia kwamba daktari wa wilaya ameomba kiti kimoja cha mgonjwa katika kila safari ya kurudi Bukoba.

Nilikwenda nyumbani siku hiyo bila kuhisi mlima. Nilimweleza Paskazia, naye akaacha kumenya ndizi.

"Ingenichukua asubuhi?"

"Asubuhi."

"Nikafika Bukoba saa ngapi?"

"Kabla uji haujapoa."

Akageuza kisu mkononi. Nilikuwa nimeshamwomba mara nyingi aende Bukoba mapema, kiangazi, akangojee huko, naye alikuwa amekataa. Hakutaka kukaa miezi kwa watu asiowajua, akiwa ameacha makaburi mawili madogo bila mtu wa kuyafagilia. Alitaka mtoto huyu akae naye hapa hapa, tumboni, karibu na ndugu zake, mpaka siku yenyewe. "Basi nitakwenda kwa ndege," alisema, kana kwamba nimemweleza juu ya baiskeli. "Wewe pima vizuri, Augustini. Pima vizuri sana."

Tulipiga kambi ukingoni mwa Rwakajunju. Kwa ninyi mliozoea vyombo vipya, vyetu vilikuwa hivi: mtumbwi mmoja, pondo mbili, kamba ndefu iliyofungwa vitambaa vya rangi kuonyesha urefu, na chubwi ya risasi nzito mwishoni mwake. Chini ya chubwi palikuwa na kishimo. Kishimoni tulipaka samli ili ikigusa chini ya ziwa ipande na udongo wa huko, tujue kama ni matope, mchanga au mwamba. Ofisi ilitupatia mafuta ya mashine kwa kazi hiyo. Bishanga aliyanusa akayarudishia kifuniko, akasema huwezi kumwomba mtu siri zake huku unampaka grisi. Mpishi wa kambi alilalamika juu ya samli yake mpaka siku ya mwisho.

Sijafanya kazi iliyofanana na ndoto kama ile. Alfajiri ukungu ulilala juu ya maji, hatukuona ukingo wala ncha ya mtumbwi wetu wenyewe. Tulielea katika weupe, kamba ikishuka mkononi mwangu polepole, na mahali fulani karibu kiboko akipumua. Bwana Maizi alikuwa anakaa katikati, kofia magotini. Ukungu ulipoanza kupasuka, kwanza viliibuka vilele vya mafunjo, kisha ndege weupe waliosimama juu yake, kisha vilima, kimoja kimoja. Mara nyingi nilisahau nimeshika kamba. Nilikuwa nikimwona Paskazia amekaa dirishani, kitambaa chake cha njano kichwani, anatazama chini kuona nyumba yetu ilivyo ndogo.

Nilipima vizuri. Nilitamani ziwa liwe refu kuliko lilivyokuwa, na nawaambia ukweli, kila nilipovuta mnyororo ukingoni nilikuwa nikiliombea. Lakini Bishanga alishika ncha ya pili, na ziwa likabaki na urefu wake.

Siku moja Bwana Maizi aliweka pondo chini akatuuliza tunaonaje. Kwa heshima yake, alikuwa na desturi hiyo ya kuuliza, na alikuwa akingoja jibu. Nikasema maji yana kina cha kutosha. Nikasema alfajiri ni ukungu, na mchana joto likipanda kutoka bondeni upepo huanza kuzunguka baina ya vilima kama mlevi anayetafuta mlango, kwa hiyo nafasi nzuri ni ile saa fupi ya katikati. Nikataja viboko. Nikataja mafunjo, ambayo hukatika ukingoni na kutembea yenyewe usiku, leo kisiwa kiko hapa, kesho kiko kule.

"Na petroli?" akauliza Bwana Maizi.

"Italetwa na lori, Bwana."

"Kwa barabara ipi?"

"Hii hii."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Nami nimefika hapo hapo. Lori lilete petroli ya ndege, ili ndege ibebe watu ambao lori lingewabeba wakati linarudi tupu. Na siku barabara ikikatika, petroli nayo haipo."

"Bwana, usiseme kwa sauti," Bishanga akamwambia. "Viboko watatucheka."

Nilicheka nao, kisha nikaanza kukunja kamba. Bwana Maizi alinitazama. Alijua hali ya nyumbani kwangu, kwa sababu Bishanga alikuwa amemwambia. Akasema polepole kwamba mapipa machache ya petroli yanaweza kuwekwa akiba kabla ya masika, na kwamba safari isiyokuwa na faida kwa mwenye kampuni inaweza kuwa na faida kwa mtu mwingine, angalau kwa msimu mmoja. Atashauri ndege ije ijaribu. Ikitua salama, kampuni itaamua.

Maandalizi yakaanza. Mkungu wa pale, yaani mkuu wa kijiji, jina lake Kakuru, mzee wa watu aliyevaa koti lake la sherehe hata shambani, aliitisha wanaume wakakata mafunjo yaliyoziba njia ya kutua ndege. Tukafunga maboya ya matete yenye bendera nyeupe katika mistari miwili, na katikati yake tukaacha maji matupu, meusi, safi. Rubani angeona mstari huo kutoka mbali. Habari ikaenea hadi Omurushaka kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka mbinguni na atashukia kwa Kakuru. Watu walianza kufika tangu jana yake, na mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikafika pamoja nao.

Siku yenyewe mimi, Bishanga na Bwana Maizi tulikuwa ng'ambo ya pili tangu giza la alfajiri, tukiwasha moto wa majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo. Ukungu ulikuwa mzito. Tulisikia sauti za watu majini, nyimbo za wanawake, pondo zikigonga mitumbwi. Nikadhani wanavuka kuja kutazama. Sauti zilikuwa nzuri mno katika weupe ule, hata Bwana Maizi akavua kofia kuzisikiliza.

Kisha ukungu ukainuka. Maji hayakuwapo. Baina ya mistari yetu miwili ya bendera palikuwa kijani kitupu, toka mwanzo hadi mwisho. Palitandikwa nyasi. Nyasi laini, mbichi, zilizokatwa usiku ule ule na kusambazwa kwa mkono kutoka kwenye mitumbwi, kwa ustadi, bila kuacha pengo, kama sakafu ya nyumba inayomngojea mkwe.

Hakuna aliyewaagiza. Lakini nani katika nchi yetu angemkaribisha mgeni wa namna hiyo akanyage pasipotandikwa?

Bwana Maizi alirudisha kofia kichwani. Tulikuwa tumeanza kukimbilia mtumbwi tuliposikia mngurumo. Ndege ilitokea juu ya kilima, ya rangi ya fedha, ikashuka, ikashuka, mpaka tukaona mitumbwi yake ya bati ikimetameta na kivuli chake kikikimbia juu ya kijani kile. Mtu anayetua majini huogopa majani kuliko unavyoogopa jiwe barabarani, maana hajui kilicho chini yake. Rubani aliona ziwa limeota nyasi pale hasa alipoambiwa ni safi. Ngurumo ikaongezeka, pua ikainuka, ndege ikapita juu ya vichwa vyetu na kuondoka ilikotoka.

Ukingoni vigelegele vililipuka. Wanawake wote walikuwa wamepiga magoti kuisalimu. Walidhani imewaitikia.

Nilivuka na mtumbwi nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena kazini. Nilikusudia kumshika Kakuru koti lake la sherehe. Nilipopanda ukingoni, wa kwanza kuniona alikuwa Paskazia. Alikuwa ametembea kutoka Chonyonyo na wenzake, na hali yake ile. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka viwikoni, na mbegu za nyasi zilimjaa kwenye kitambaa cha njano.

"Umeona ilivyoinama?" alisema, anahema kwa furaha. "Nyasi za katikati nimezikata mimi mwenyewe. Nilitaka ijue kwamba tunaingojea."

Nikaanza kuondoa mbegu kwenye kitambaa chake. Alinitazama, kisha akatazama maji, kisha akanitazama tena, na nikaona kicheko chake kinaondoka usoni. Alikuwa mke wa mpimaji. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni kwa sababu ya nyasi?" akauliza.

"Ni kwa sababu ya mambo mengi," nikamwambia. Na ulikuwa ukweli, ingawa sikuusema kwa ajili ya ukweli.

Kampuni ilijibu kwamba ziwa lina magugu na haitajaribu tena. Ndege yao ingetua Bukoba, kisha ingekwenda Usumbura moja kwa moja juu ya vichwa vyetu bila kusimama. Kakuru alikuja nyumbani kwetu na mtungi wa rubisi. Alikaa akizungusha kofia mikononi. "Augustini, mwanangu," alisema, "tumefunga mlango tukidhani tunaufungua." Paskazia ndiye aliyemjibu. Alimletea kahawa za kutafuna, akapiga goti, akamwita baba kwa lugha yetu: "Tata, hukukosa wewe. Mgeni alikaribishwa. Ni yeye asiyejua adabu." Mzee akacheka huku machozi yanamtoka, na nadhani ndipo nilipompenda mke wangu kupita siku zote.

Usiku ule Paskazia alihesabu tena vidole vyake. Asubuhi akachukua ufagio, akaenda nyuma ya nyumba kwenye yale makaburi mawili, akakaa huko mpaka umande ukakauka. Aliporudi alisema, "Niandalie safari. Nitakwenda kungojea Bukoba." Sikumuuliza kilichombadilisha. Mlio na wake mtajua wakati wa kuuliza na wakati wa kutafuta lori.

Tulipanda lori la mfanyabiashara wa kahawa pale Omurushaka, kiangazi kikiwa kinaelekea mwisho. Dereva alimpa Paskazia nafasi mbele, mimi nikakaa juu ya magunia. Kihanga mama yake alisimama barabarani na kumpa kuku kupitia dirishani, nasi tukafika Kyaka na kuku huyo akilalamika njia nzima. Bukoba alipokelewa na dada yake Bishanga, mjane aliyekaa karibu na ziwa. Nilimwacha mlangoni. Kazi ilikuwa ikiningoja, na mvua zilishaanza kunguruma upande wa Ziwa. Alinishika mkono akasema, "Nenda ukapime barabara, ili siku nyingine watu wasihangaike na ndege." Tukacheka, lakini mimi nilitazama pembeni.

Masika yakaja, barabara ikakatika Kyaka na bondeni. Hapakuwa na simu Chonyonyo. Bwana Maizi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kupita kutoka Bukoba, buti zake zikiwa na matope mpaka magotini, na alinifuata nyumbani kabla hata hajanywa maji.

"Mke wako amemjua rubani," alisema.

Nikashtuka. Akaeleza kwamba ndege hutia nanga mbele ya nyumba ya yule mjane, na kwamba Paskazia alikuwa amekwenda ukingoni, akamwomba karani wa bandari amtafsirie, akamwuliza rubani kwa nini hakutua kwetu. Akamweleza habari ya nyasi. Rubani, kwa maelezo ya Bwana Maizi, alikaa chini kwenye gati na kushika kichwa. Kisha Paskazia akamwambia kwamba ana deni la adabu na atalilipa hivi: siku atakayopita baada ya mtoto kuzaliwa, azunguke juu ya kilima cha Chonyonyo. Mzunguko mmoja maana yake mama ni mzima. Miwili, mama na mtoto.

"Na ikipita moja kwa moja?" nikauliza.

"Basi bado," alisema Bwana Maizi. Aliinama kufungua buti zake. Tulijua sote wawili kwamba kupita moja kwa moja kungeweza kuwa na maana nyingine.

Sasa, vijana wenzangu wa kazi, nilijibu swali la idara, na majibu yangu yalitiwa ndani ya taarifa ya Bwana Maizi: safari ya ndege ya maji kati ya Kampala na Usumbura, ikisimama kwetu, haina maana. Ziwa ni fupi kwa hewa ya bonde, saa za kutua ni chache, petroli hutegemea barabara ile ile mnayotaka kuikwepa. Tengenezeni bonde la Kyaka kwanza. Kampuni yenyewe iliacha njia hiyo kabla ya masika mengine, kwa sababu abiria hawakutosha. Mkiniuliza leo nitawapa jibu hilo hilo, na nitatia saini.

Lakini wiki zile za masika sikuwa na mgeni mwingine wa kumngoja ila ndege hiyo hiyo. Kila siku ya safari nilisimama nyuma ya nyumba, chini ya migomba inayodondosha maji, nikisikiliza. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya kilima, meupe juu, meupe chini, nami katikati. Ndege ilikuja kwa sauti tu. Ilipita moja kwa moja. Wiki iliyofuata ikapita tena moja kwa moja, na sikula siku hiyo. Bishanga akaja akakaa nami.

Wiki nyingine tena ndege ilikuja ikiwa imechelewa. Niliisikia upande wa Kihanga, ndogo kama nyuki, ikakua, ikafika juu yetu kabisa, ikapita. Niligeuka kurudi ndani. Kisha sauti ikapinda. Nilidhani ni masikio yangu. Ikapinda kushoto, ikaenda nyuma ya mgongo wangu, ikarudi kulia, ikafunga duara juu ya paa letu. Paskazia ni mzima. Nilisema jina lake kwa sauti, na naapa ningeridhika hapo, nisingeomba zaidi ya hilo. Bishanga alinishika bega kwa nguvu, kidole chake kimoja kimeelekea juu, akinizuia nisipumue.

Sauti ikapinda tena.

Ilizunguka taratibu, chini zaidi, ikitetemesha majani ya migomba juu ya yale makaburi mawili, ikamaliza duara la pili. Sikuona bawa wala kivuli. Niliinua mikono yote miwili nikaipungia weupe ule mtupu, nikapunga, nikapunga, mpaka ngurumo ikazimia upande wa Usumbura na mvua ikaanza upya.